Ugonjwa wa kusahau si uzee: Kilimanjaro na jinsi ya kuilinda akili

KILA mwaka inapokaribia Krismasi, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hufurika mabasi na magari madogo. Wachaga waliotawanyika mijini hurejea nyumbani, na miongoni mwao wamo wenyeji wa Kirua Vunjo, eneo lililo mashariki ya mji wa Moshi, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kati ya Old Moshi na Kilema. Hupokewa kwa nyama, ndizi na mbege, na kwa siku chache migomba ya kihamba hujaa kelele za wajukuu.

Ni katika siku hizo chache ambapo familia nyingi hugundua jambo ambalo simu haikulisema. Mama ambaye kila Jumapili hupokea simu na kujibu kuwa hajambo, huonekana akiuliza swali lile lile mara nne katika asubuhi moja. Baba aliyeijua mipaka ya kila kihamba cha ukoo, na ambaye majirani walimwita awasuluhishe wanapogombea maji ya mfereji, hukwama anapotaka kulitaja jina la mjukuu wake. Mtori umetiwa chumvi mara mbili. Fedha zilizotumwa kwa simu mwezi uliopita hazijulikani zilikokwenda.

Mara nyingi maelezo hutolewa pale pale: “Ni uzee tu.” Sherehe zinapokwisha kila mtu hurudi mjini, na mwaka mwingine hupita.

Maneno hayo matatu yana gharama kubwa. Humnyima mzee uchunguzi ambao pengine ungeonyesha kuwa tatizo lake linatibika, huiacha familia bila maandalizi, na humfanya mtoto anayeishi mjini aamini kuwa lililompata mzazi wake litampata na yeye, na kwamba hakuna la kufanya. Ushahidi uliokusanywa katika miaka ya karibuni, sehemu yake ukitoka katika mlima huo huo wa Kilimanjaro, unaonyesha vinginevyo.

Dimenshia ni nini?

Neno linalotumiwa na madaktari ni dimenshia. Si jina la ugonjwa mmoja, bali ni jina la kundi la dalili zinazotokea pale chembe hai za ubongo zinapoharibika kuliko inavyotarajiwa katika uzee wa kawaida. Mgonjwa hupungukiwa kumbukumbu, lugha, uwezo wa kupanga mambo na uwezo wa kutambua mahali na wakati. Upungufu huo hufikia kiwango cha kumzuia kufanya shughuli ambazo hapo awali alizifanya mwenyewe bila msaada.

Aina inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unachangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Jina hilo linatokana na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu akiwa na umri wa miaka 50 na ushee tu. Ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kifo ulionekana kuwa na mabaka yaliyojikusanya nje ya chembe hai, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe hizo. Leo inajulikana kuwa vyote viwili ni protini zilizolundikana mahali pasipostahili, na kwamba mlundikano huo huanza miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza kuonekana.

Aina ya pili kwa umuhimu hutokana na mishipa ya damu. Shinikizo kubwa la damu, maarufu kama presha, pamoja na kisukari na mafuta mengi katika damu, huifanya mishipa midogo ya ubongo kuwa myembamba au kuziba. Mtu anaweza kupata viharusi vidogo vidogo ambavyo hata yeye mwenyewe havitambui, na kila kimoja kikamwibia sehemu ndogo ya akili. Kwa wazee wengi aina hizo mbili hukaa pamoja katika ubongo mmoja.

Uzee wenyewe hupunguza kasi ya kukumbuka, na hilo si ugonjwa. Mtu anayesahau alikoweka funguo, kisha akazikumbuka baada ya muda, amesahau kama binadamu. Mtu anayeshika funguo na asijue ni za kazi gani, ana tatizo. Anayelisahau jina la jirani na kulikumbuka jioni hana sababu ya hofu. Anayepotea katika njia aliyoipita kwa miaka 50 kwenda kanisani au sokoni anahitaji daktari.

Takwimu kutoka mlimani

Takwimu zinazofahamika zaidi kuhusu ugonjwa huu nchini hazikutoka Dar es Salaam wala nje ya nchi, bali zimetoka wilaya jirani ya Hai, magharibi ya mji wa Moshi. Maisha ya vijiji vyake vya mlimani yanafanana na ya Kirua Vunjo: vihamba vya migomba na kahawa, nyumba zilizotengana kwa migomba hiyo, vijana waliohamia mijini na wazee waliobaki kulinda nyumba.

Kati ya mwaka 2009 na 2010, watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waliwafikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya Hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 6.4 ya watu wa umri huo walikuwa na dimenshia. Kiwango hicho hakikuwa mbali na vile vinavyotajwa katika nchi tajiri, na kiliipa pigo dhana ya muda mrefu kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu.

Uchunguzi mwingine ulifanyika katika wilaya hiyo hiyo kati ya mwaka 2018 na 2019, safari hii ukiwahusisha watu 3,011 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Ulibaini kuwa asilimia 4.6 ya watu wa umri huo wana dimenshia, na kwa wale wa miaka 70 na zaidi kiwango kilifikia asilimia 8.9. Ulinganisho wa tafiti hizo mbili unahitaji tahadhari, kwa kuwa vigezo vya kutambua ugonjwa vilikuwa vimebadilika kidogo katika kipindi hicho. Hata hivyo, mwelekeo ni wa kupanda. Kwa lugha nyepesi, katika kijiji chenye wazee 100 waliovuka miaka 70, takriban tisa wanaweza kuwa wanaishi na ugonjwa huu, wengi wao bila jina la kuuita.

Duniani kote, WHO inakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa na dimenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka wagonjwa wapya karibu milioni 10 huongezeka.

Watafiti wa Hai walilazimika pia kutatua tatizo la vipimo. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa Ulaya na Marekani kwa watu waliosoma. Humtaka mtu aandike sentensi, achore saa au afanye hesabu. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu hushindwa kipimo cha aina hiyo hata kama akili yake ni timamu kabisa. Ndipo kikatengenezwa kipimo kifupi kijulikanacho kama IDEA, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutakiwa kukumbuka maneno aliyosomewa, kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo katika muda wa dakika moja, na kupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mpangilio aliooneshwa. Kipimo hicho kinaweza kutumiwa na mhudumu wa afya asiye daktari, na hilo lina maana kubwa katika nchi yenye wataalamu wachache wa magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu.

Kwa nini wagonjwa wanaongezeka?

Sababu ya kwanza ni njema: watu wanaishi muda mrefu zaidi. Umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote, na kwa kila muongo unaoongezeka baada ya miaka 60, uwezekano wa kuugua hupanda. Mkoa wa Kilimanjaro, uliokuwa na watu 1,861,934 katika Sensa ya mwaka 2022, ni miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee nchini, kwa sababu watu wake wanaishi muda mrefu na vijana wake wanaondoka.

Sababu ya pili haina wema wowote, nayo ni shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa Hai kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu saba kati ya kila kumi wakiwa na presha ya juu, na ni wachache tu ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kwa dawa. Hivyo si kweli kwamba maisha ya kijijini pekee, pamoja na mboga zake na milima yake, yanatosha kuwa kinga.

Hali ya mjini inatisha zaidi. Utafiti wa kiharusi uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 ulilinganisha Hai na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya tofauti za umri kuzingatiwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 wa kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam ilikuwa na 315.9, yaani karibu mara tatu. Kwa kuwa mishipa inayoleta kiharusi ndiyo pia inayolisha kumbukumbu, mtoto wa Kirua Vunjo anayeishi Kimara au Tabata ana sababu ya kujiangalia yeye kwanza kabla ya kumwangalia baba yake.

Si uzee, si laana

Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2014, uliangalia jinsi jamii inavyouelewa ugonjwa huu. Wengi waliuchukulia kuwa sehemu ya kawaida ya uzee. Wapo pia walioihusisha hali hiyo na laana au uchawi.

Imani hiyo ni ya hatari. Mgonjwa wa dimenshia anaweza kuamka usiku na kutembea ovyo, kuongea na watu wasioonekana, kumshutumu mkwewe kuwa amemwibia, au kukutwa katika kiwanja cha jirani asijue alifikaje. Katika nchi ambayo wazee, hasa wanawake wa Kanda ya Ziwa, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, dalili za namna hiyo zinaweza kumgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa. Hata pale isipofikia hatua hiyo, aibu huifanya familia imfiche mzee ndani, na upweke huo huo huuharakisha ugonjwa.

Asilimia 45 inayoweza kuzuilika

Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa kimataifa lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa tathmini ya vihatarishi vya dimenshia ambavyo binadamu anaweza kuvibadili. Lilitaja vihatarishi 14, na likakadiria kuwa iwapo vyote vingeondolewa, takriban asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa. Asilimia iliyobaki inatokana na umri, urithi na sababu nyingine zisizoweza kubadilishwa kwa sasa.

Vihatarishi hivyo ni elimu ndogo utotoni, kupungua kwa usikivu, lehemu mbaya katika damu, sonona, majeraha ya kichwa, kutofanya mazoezi, kisukari, uvutaji wa sigara, presha, unene uliopita kiasi, ulevi, upweke, hewa chafu, na upungufu wa kuona usiotibiwa.

Orodha hiyo inaweza kuonekana ndefu, lakini kila kimoja kinaeleweka kikiwekwa katika maisha ya kila siku.

Elimu huujengea ubongo akiba. Ubongo uliozoea kujifunza hupata njia nyingi za kupitisha kazi yake, hivyo baadhi zikiziba nyingine hutumika. Wanawake wengi wa Kilimanjaro walio na miaka 80 leo hawakupata nafasi ya shule sawa na kaka zao. Hilo haliwezi kurudishwa, lakini kumwacha binti shuleni leo ni kumkinga akili yake ya miaka 60 ijayo.

Masikio ni suala linalodharauliwa mno. Katika tathmini hiyo, kupungua kwa usikivu na wingi wa lehemu mbaya ndivyo vilivyopewa uzito mkubwa kuliko vihatarishi vingine, kila kimoja kikichukua takriban asilimia 7. Mzee asiyesikia hujitoa katika mazungumzo, na ubongo usiopokea sauti hukosa kazi. Wakati mwingine tatizo ni nta tu iliyoziba, ambayo huondolewa kwa dakika chache katika zahanati. Vivyo hivyo kwa macho: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo, na mzee akarudi kusoma, kutambua sura za watu na kutembea bila hofu.

Kichwa nacho kinahitaji kulindwa. Kila anayepanda bodaboda bila kofia ngumu anaweka rehani kumbukumbu yake ya baadaye, hata kama ajali haitamuua. Wakulima wanaopanda miti kukata majani ya mifugo, na wazee wanaoteleza katika njia za mlimani wakati wa masika, wamo katika kundi hilo hilo.

Moshi wa kuni ni sehemu ya hewa chafu. Jiko lililo ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kutosha humlisha moshi mama wa nyumbani kwa maisha yake yote. Jiko banifu, bomba la kutolea moshi, au hata dirisha lililoongezwa, ni kinga.

Kuhusu mbege, ukweli usemwe bila kumvunjia mtu heshima. Kinywaji hicho cha ndizi na ulezi kimeunganisha koo za Wachaga katika harusi, misiba na maridhiano kwa vizazi vingi, na kule kukaa pamoja kuna faida yake. Lakini pombe nyingi ya kila siku, iwe ya kienyeji, ya chupa au ile kali ya kificho, huuharibu ubongo moja kwa moja na humwangusha mnywaji njiani.

Finland walifanya nini?

Je, kubadili mwenendo uzeeni kunasaidia kweli, au ni maneno tu? Swali hilo lilijaribiwa nchini Finland katika utafiti ujulikanao kama FINGER, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015. Watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77, waliokuwa katika hatari ya kupata dimenshia, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida wa afya. Kundi jingine lilisimamiwa kwa miaka miwili kwa mambo manne yaliyofanywa kwa pamoja: lishe bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa presha na afya ya moyo. Mwishoni, kundi la pili lilipata matokeo bora zaidi katika vipimo vya akili.

Mwaka 2019, utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kuwa kuishusha presha kwa bidii zaidi kulipunguza kwa asilimia 19 hatari ya kupata upungufu mdogo wa akili, ambao mara nyingi ndio mlango wa dimenshia. Kwa dimenshia yenyewe, upungufu ulioonekana haukuwa mkubwa kiasi cha kutoa uhakika.

Kwa mkazi wa mjini, somo la tafiti hizo ni rahisi. Presha ipimwe angalau mara moja kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 40, na dawa zikianza zisiachwe kwa sababu “nimepata nafuu”. Sukari na lehemu vipimwe. Mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano kwa wiki, hauhitaji ada ya ukumbi wa mazoezi. Mboga za majani, maharage, samaki na matunda vichukue nafasi ya vyakula vya kukaangwa na vinywaji vyenye sukari nyingi, na chumvi ipunguzwe. Usingizi uheshimiwe. Akili nayo ipewe kazi mpya: kujifunza lugha, kusoma, kucheza bao, kuimba kwaya, kuongoza kikundi cha kuweka na kukopa.

Hakuna kati ya hayo linalotoa hakikisho. Wapo waliotunza afya zao maisha yote na bado wakaugua. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa ugonjwa huu huanza wakati mtu bado anajiona kijana.

Wakati wa kwenda hospitali

Mzee anayeanza kusahau apelekwe kwa daktari mapema, kwa sababu si kila usahaulifu ni dimenshia isiyotibika. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, maambukizi ya virusi vya Ukimwi, kaswende iliyokaa muda mrefu, madhara ya baadhi ya dawa, na damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka, vyote vinaweza kufanana na ugonjwa huo, na vingi kati yake vina tiba. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, asisubirishwe: huenda ana malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo, na hiyo ni dharura.

Kwa wakazi wa Vunjo, hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini na ambayo wataalamu wake wameshiriki katika tafiti za Hai. Ni vyema anayemsindikiza awe mtu anayeishi naye, kwa kuwa ndiye anayejua dalili zilianza lini na zilianzaje.

Dawa zipo, lakini uwezo wake una kikomo. Donepezil na nyingine za kundi lake hupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer ulio katika hatua za mwanzo, lakini hutolewa kwa njia ya mshipa, ni ghali mno na humtaka mgonjwa apigwe picha za ubongo mara kwa mara. Hakuna dawa inayoponya.

Tiba ya mazungumzo

Kuna tiba nyingine ambayo imejaribiwa Hai kwenyewe, nayo haihitaji mashine. Ni tiba ya kuuchangamsha ubongo kwa vikundi, iliyoanzishwa Uingereza. Wagonjwa wachache hukutana mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, jumla ya vikao 14. Katika kila kikao huwa na mada: chakula, utoto, sauti, fedha, mambo yanayotokea nchini. Huimba, huzungumza, hucheza na kukumbushana. Lengo si kuwatahini, bali ni kuwapa nafasi ya kusema wanayoyajua.

Tiba hiyo ilirekebishwa ili ifae wazee wa Tanzania, wakiwamo wasiojua kusoma, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa 34 wa Hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa uwezo wao wa akili uliongezeka na dalili za wasiwasi zilipungua. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, lakini funzo lake ni kubwa: mgonjwa wa dimenshia akipewa watu wa kuzungumza naye, hufaidika.

Hapo ndipo swali linaporudi kwa familia. Kwa desturi ya Wachaga, nyumba ya baba huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho, na mara nyingi mke wa kitinda mimba huyo, au binti aliyerudi nyumbani, ndiye anayebeba mzigo wa kumlea mzee. Ndugu walio Dar es Salaam, Arusha au nje ya nchi hutuma fedha na kuamini kuwa wamemaliza wajibu wao. Fedha ni muhimu, lakini hazimjibu mzee anayeuliza swali lile lile kwa mara ya kumi, wala hazikai macho usiku asije akatoka nje.

Mlezi wa namna hiyo anahitaji zamu ya kupumzika, na anahitaji kuelezwa kuwa mgonjwa hamsumbui kwa makusudi. Mzee asibishwe anapokosea. Aelekezwe kwa upole. Ratiba yake isibadilishwe ovyo. Jiko la kuni, panga na dawa za shambani viwekwe mbali naye. Majirani, viongozi wa kijiji na wa dini waelezwe hali yake ili akionekana njiani arudishwe nyumbani badala ya kushangaliwa. Aendelee kupewa kazi anazoziweza, kama kumenya ndizi, kuchambua maharage au kulisha kuku, kwa kuwa mtu aliyenyang’anywa kila kazi hudhoofika haraka.

Aidha, mambo ya mali yazungumzwe mapema, mgonjwa akiwa bado na uwezo wa kuamua. Kihamba, akaunti ya benki, namba ya siri ya simu na wosia, vyote viwekwe wazi mbele ya familia nzima na, inapowezekana, mwanasheria. Mzee aliyefikia hatua ya kutojua anachotia saini ni windo rahisi, na si wageni pekee wanaomwinda.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kulilinda neno peke yake; anahitaji watu waliokuwapo alipokuwa akilisema. Kwa wana wa Kirua Vunjo walio mijini, hilo linaweza kuanza kabla ya Desemba ijayo. Simu ya Jumapili isiishie kwenye “hujambo”. Baba aulizwe amekula nini, nani alipita kumsalimia, mvua imenyesha lini, na mgogoro wa ule mpaka uliisha vipi. Majibu yatampa kazi ya akili, na yatamwonyesha mtoto mapema kama kuna kitu kimeanza kupotea. Kisha, simu ikikatwa, mtoto huyo naye aende kupima presha yake.